Swali Lisiloulizwa: Mzazi na Mwana Mwasi katika Maandishi Manne ya Kiswahili

Utangulizi

Katika jamii ya Waswahili na za majirani wao, mazungumzo juu ya mtoto aliyemshinda mzazi huanza kwa methali, na aghalabu humalizikia papo hapo. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizi zimekuwa pia ufunguo wa mhakiki. Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa kwa nini Rosa wa Kezilahabi aliangamia, hujibu kwa methali ya kwanza. Akiulizwa kwa nini Maimuna wa Said Ahmed Mohamed aliishia danguroni, hujibu kwa ya mwisho. Mtahini humpa alama zake, na mjadala hufungwa.

Tukizichunguza methali hizi kwa jicho la sarufi, tunakuta jambo ambalo wahakiki hatujalipa uzito unaostahiki. Mtoto ndiye anayekunjwa, ndiye anayelelewa, ndiye anayefunzwa. Pale anapopewa nafasi ya mtenda, vitenzi vyake ni kukua na kulia tu. Hakuna hata moja miongoni mwa methali hizi inayompa mwana kitenzi cha kusema, wala inayompa mzazi kitenzi cha kuuliza.

Makala haya yanadai kwamba upungufu huu ndio kiini cha mgogoro baina ya mzazi na kijana mwasi katika fasihi yetu. Wazazi tutakaowatazama wanaamuru, wanaonya, wanapiga, wanaomba dua, na baadhi yao wanapenda kwa dhati. Wasilolifanya ni kumuuliza mwana swali ambalo wao wenyewe hawajui jibu lake. Ili kulithibitisha dai hili tutatalii maandishi manne ya tanzu tatu: Utenzi wa Mwana Kupona (1858), riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), na tamthilia ya Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tumeyachagua kwa sababu katika yote manne mtoto anayehusika ni msichana aliye kwenye kizingiti cha utu uzima, umri ambao jamii humwona kuwa amekua mno kuchezewa na hajakua vya kutosha kushauriwa.

Neno uasi tunalitumia kwa tahadhari. Katika matumizi ya Kiswahili neno hili lina uzito wa kidini: aliyemwasi mzazi amejinyima radhi, na asiye na radhi hafanikiwi duniani wala akhera. Radhi husafiri upande mmoja tu. Mwana huomba, mzazi hutoa au huzuia. Hatuna mila inayomtaka mzazi aombe radhi kwa mwanawe. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa litatufaa tutakapofika kwenye Utengano.

Mama Anayeimla

Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utenzi wake mwaka wa 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia bintiye, Mwana Hashima. Miaka miwili baadaye alifariki. Utenzi huu umesomwa sana kama hati ya utiifu wa mke kwa mume, na wahakiki wa siku za karibuni wameulaumu kwa sababu hiyo. Lawama hiyo ina msingi, lakini hapa tunautazama kwa upande mwingine, yaani kama tendo la mzazi anayezungumza na kijana wake.

Mwanzoni mwa utenzi mama humwita binti asogee karibu naye, akiwa na wino na karatasi. Picha hii ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Binti ndiye mwenye kalamu, naam. Ila kalamu hiyo inaandika maneno ya mama peke yake. Kutoka mwanzo hadi mwisho Mwana Hashima hatoi neno. Hatujui kama alikubali, kama alicheka, kama alichoka. Mama anaimla na mwana anaandika, na huu ndio mfano kamili wa mawasiliano ya malezi kama tulivyoyarithi.

Hata hivyo, pana mambo mawili ambayo Mwana Kupona anayafanya na ambayo tutayakosa kwa wazazi wa karne ya 20. La kwanza ni kwamba anamweka mtoto karibu naye. Mawaidha hayarushwi kutoka mlangoni. Yanatolewa ubavuni, na mama anayafananisha na pambo la kumvika mwanawe. La pili ni kwamba anajitoa yeye mwenyewe kuwa ushahidi. Anamsimulia binti habari za ndoa yake na marehemu mumewe, jinsi walivyoishi kwa maelewano hadi mauti yalipowatenganisha. Hakuuliza, lakini alijifunua. Mtoto aliyesimuliwa maisha ya mamaye amepewa angalau mlango wa kuingilia.

Umbo la utenzi nalo linahalalisha sauti moja. Wasia wa mtu anayejiandaa kufa haungoji jibu. Tatizo linazuka pale ambapo wazazi walio hai, wenye afya, na wenye miaka mingi mbele yao wanapoendelea kuzungumza na watoto wao kana kwamba wanaandikisha wasia.

Barua Isiyojibiwa

Katika Rosa Mistika tunatoka Siyu na kufika Namagondo, kisiwani Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Zakaria, babake Rosa, aliwahi kuwa mwalimu na sasa ni mlevi. Mkewe, Regina, ni mwanamke mchapa kazi, mvumilivu na mcha Mungu anayepigwa na mumewe. Tukio linaloujenga mgogoro wote ni dogo mno: Rosa anapokea barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles, na barua hiyo inamfikia baba. Rosa anapigwa kipigo cha kikatili.

Wahakiki wengi wamelieleza tukio hili kama mfano wa ukali uliopita kiasi. Kwa maoni yangu, ukali ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba barua ni maandishi yanayodai jibu. Charles ameuliza, Rosa bado hajajibu, na kabla hajajibu baba anaingilia kati na kutoa hukumu. Zakaria anaisoma barua kama ushahidi wa kosa ambalo halijatendwa. Hamuulizi bintiye kijana huyu ni nani, wala barua ile ilimfanya ahisi nini, wala alikusudia kujibu vipi. Na huyu alikuwa mwalimu, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza maswali na kusubiri wanafunzi wajibu.

Matokeo yake Kezilahabi anayafuatilia kwa uangalifu wa daktari. Kwanza Rosa anakuwa mtoto mwema. Anapojiunga na shule ya wasichana ya Rosary anawaogopa wavulana, na mtu wa nje angesema kwamba kiboko cha baba kimefanya kazi. Hapo ndipo mwandishi anapotutega, kwa kuwa utiifu huo hauna maarifa ndani yake. Rosa hakufundishwa kupima mtu, alifundishwa kuogopa. Anapokutana na Deogratias, mtu mzima mwenye cheo na ulimi mtamu, hana kipimo chochote cha kumpimia. Baadaye, katika chuo cha ualimu cha Morogoro, anajitumbukiza katika mapenzi kwa kasi ya mtu anayelipa kisasi, hata anafikia kutoa mimba. Anaporejea kijijini akiwa ametulia na kupendana na Charles yule yule wa barua ya kwanza, Charles anamwacha kwa kuwa hakumkuta bikira, na Rosa anajiua. Mwenye kuuliza kwa barua na mwenye kupiga kwa sababu ya barua walikuwa wakitaka kitu kimoja kutoka kwake.

Je, Regina? Usomaji unaolaumu taasubi ya kiume peke yake huishia kwa Zakaria, na ni kweli kwamba bila taasubi hiyo riwaya hii isingekuwapo. Lakini Regina anampenda mwanawe bila shaka yoyote. Anamfanyia kazi, anamwombea, anamlilia. Hata hivyo mapenzi yake hayageuki kuwa mazungumzo. Kwa upande mmoja anamwogopa mume. Kwa upande mwingine hana lugha ya kuzungumzia mwili na hamu ya kijana, kwa maana imani na adabu aliyolelewa nayo zilimpa maneno mawili tu, usafi na dhambi, na maneno hayo hayatoshi kwa binti aliye baina ya hayo mawili. Kosa la Regina ni dogo kuliko la mumewe, na ndilo linalomwuma msomaji zaidi, kwa sababu wengi wetu tunajiona kwake kuliko kwa Zakaria.

Sasa tuutazame mwisho. Baada ya vifo, Kezilahabi anawapeleka wahusika wake mbele ya Mungu, na huko Rosa na baba yake wanakabiliana. Wapo wahakiki wanaoiona sehemu hii kuwa kasoro ya kifani, nyongeza ya mahubiri kwenye riwaya ya uhalisia. Tukiitazama kwa msingi wa hoja yetu, tunaona haja yake. Hapo ndipo mahali pekee katika riwaya nzima ambapo binti anamweleza baba, uso kwa uso, namna malezi yake yalivyomtenda, na baba analazimika kusikiliza. Mwandishi hakuweza kuyapata mazungumzo hayo Namagondo. Ilibidi awaue wote wawili ndipo wazungumze. Na hata huko, anayeuliza ni Hakimu. Baba bado hajauliza kitu.

Tunafaa kukumbuka pia yaliyokipata kitabu chenyewe. Baada ya kuchapishwa, kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda, kwa hofu kwamba kingewapotosha vijana. Wakubwa wa elimu walikitendea kitabu yale ambayo Zakaria aliitendea barua: walikichukua kutoka mikononi mwa kijana kabla hawajamuuliza amesoma nini ndani yake.

Radhi Inayoombwa Kinyume

Maksuudi wa Utengano ni mzazi wa namna nyingine. Zakaria ni mlevi anayedharauliwa; Maksuudi ni tajiri anayeheshimiwa, mwenye tamaa ya uongozi, mwenye dini mbele za watu na ufuska nyuma ya mlango. Bintiye, Maimuna, amefungiwa ndani kwa jina la heshima, ilhali nduguye, Mussa, ana uhuru wa kutoka. Mkewe, Tamima, hana kauli.

Tofauti ya malezi ya watoto hawa wawili inatupa kipimo kizuri. Ikiwa kufungiwa peke yake ndiko kunakozaa uasi, Mussa asingeasi, maana hakufungiwa. Lakini naye anaasi, tena mapema. Kinachowaunganisha dada na kaka ni kwamba hakuna kati yao anayemjua baba yao kwa kauli ya baba mwenyewe. Kila wanachokijua wamekipata kwa njia ya pembeni: kwa minong'ono, kwa kuchungulia, kwa watu wenye visasi vyao. Hilo linadhihirika pale Kazija, kimada wa Maksuudi, anapowakutanisha baba na mwana nyumbani kwake. Ni kikao cha aibu, ila ndicho kikao ambamo Mussa anamwona baba yake mzima, bila kanzu ya heshima. Mwana Kupona alimfunulia bintiye maisha yake kwa hiari. Maksuudi anafunuliwa mbele ya mwanawe na mtu wa tatu, kwa nguvu.

Maimuna anatoroka baada ya nyumba kuvunjika na mama yake kutalikiwa. Msichana asiyejua hata barabara za mji wake anaingia katika ulimwengu wa danguro la Mama Jeni, ulevi na uimbaji wa baa. Hapa methali ya ulimwengu unaofunza yule asiyefunzwa na mamaye inaonekana kutimia. Lakini riwaya inaisahihisha methali. Tamima hakushindwa kumfunza binti. Alinyimwa nafasi ya kufunza chochote, kwa sababu yeye mwenyewe alitendewa kama mtoto. Ulimwengu nao haumfunzi Maimuna tu, unamuuliza pia. Kule nje, kwa mara ya kwanza, watu wanataka kujua anataka nini. Wengi wao wanauliza kwa hila, ili wamtumie, na hapo ndipo penye msiba. Mtoto ambaye hajawahi kuulizwa na ampendaye atamfuata yeyote wa kwanza atakayemuuliza.

Hatima ya riwaya hii ndiyo iliyozua mjadala mkubwa zaidi miongoni mwa wanafunzi wetu katika miaka ambayo kitabu hiki kilitahiniwa katika shule za upili za Kenya. Maksuudi, akiwa amepoteza mali, cheo na afya, anamwomba Maimuna msamaha. Maimuna anakataa. Wapo wanafunzi wanaomlaumu kwa moyo mgumu na kusema kwamba mzazi ni mzazi. Wapo wanaomshangilia kama mwanamapinduzi. Pande zote mbili zinalisoma jibu lake na kulisahau swali. Tulisema mwanzoni kwamba radhi husafiri upande mmoja. Hapa imegeuzwa: mzazi ndiye anayeomba. Ombi la Maksuudi ndilo tendo la kwanza katika maisha yake ambalo jibu lake liko mikononi mwa bintiye. Kwa mara ya kwanza hajui atakachojibiwa.

Kwa hiyo kukataa kwa Maimuna, japo kunatuchoma, ni mazungumzo ya kweli kuliko yote yaliyotangulia. Angelisamehe kwa sababu mila inamtaka asamehe, tungerudi kwenye utiifu wa Rosa wa mwaka wa kwanza shuleni, utiifu usio na mwenyewe ndani yake. Mwandishi hatuambii kwamba kukataa ni kwema. Anatuonyesha bei ya swali lililochelewa.

Jukwaa na Majibu ya Tatu

Wakati Ukuta inaweza kuonekana kuwa inaipinga hoja yetu. Katika tamthilia hii Tatu, msichana wa mjini, anagombana na mama yake kwa sababu ya kutaka kwenda sinema na kijana aitwaye Swai. Tofauti na Mwana Hashima, na tofauti na Rosa, Tatu anasema. Anajibu, anabisha, anatetea rika lake na mavazi yake. Utanzu wenyewe unamruhusu: jukwaani kila mhusika ana zamu yake, wala hakuna msimulizi wa kumnyang'anya neno.

Lakini kupokezana zamu si lazima kuwe kuzungumza. Mama anapouliza, maswali yake ni ya aina ambayo kila aliyelelewa Afrika Mashariki anaitambua: unakwenda wapi, na nani, umevaa nini. Yana umbo la swali na roho ya mashtaka. Anayeuliza ana jibu tayari, na anayejibu anajua hivyo, basi anajibu ili kujikinga. Hapa tunapata nafasi ya kuifafanua hoja yetu. Tunapotetea swali hatutetei upelelezi. Swali la mahakama linataka kukiri kosa. Swali la mzazi tunalolitafuta linataka kujua.

Tatu naye hamuulizi mama kitu. Kwake mama ni mtu wa zamani, basi. Hajiulizi mama alikuwa nani alipokuwa na umri wake, aliogopa nini, alinyimwa nini. Anaolewa na Swai bila baraka za wazee, na ndoa inapovunjika tunagundua kwamba uhuru ule haukuwa na maandalizi zaidi ya utiifu wa Rosa. Ebrahim Hussein ni mwadilifu katika jambo hili. Hampi ushindi mama kwa kuanguka kwa ndoa, wala hampi ushindi kijana kwa kupita kwa wakati. Methali iliyoipa tamthilia jina lake inasema kwamba wakati ni ukuta, na anayepigana nao huumia mwenyewe. Wasomaji wengi huielekeza methali hiyo kwa mama, mpinzani wa mabadiliko. Inawezekana kuielekeza pia kwa binti. Ukuta una pande mbili, na hawa wawili wameegemea ukuta mmoja, kila mtu upande wake, wasisikilizane.

Nani Aliyekuwa Akiuliza?

Msomaji anaweza kupinga na kusema kwamba tunawadai wazazi hawa jambo ambalo jamii zao hazikuwahi kuwadai. Pingamizi hilo ni la haki, na linatufikisha kwenye chanzo cha tatizo. Katika mila za pwani, mambo ya mwili na ndoa hayakuwa ya mama kumwambia binti. Yalikuwa kazi ya somo au kungwi, mwanamke wa nje ya tumbo la mama, ambaye binti aliweza kumwambia asiyoweza kumwambia mzazi. Katika jamii nyingi za bara kazi hiyo iligawanywa baina ya shangazi na bibi, na utani baina ya bibi na mjukuu uliruhusu maswali ambayo heshima baina ya mzazi na mwana iliyakataza. Mzazi aliweza kuwa mkali kwa sababu palikuwa na mwingine wa kuuliza. Ukali na swali vilikuwa vyumba viwili vya nyumba moja.

Tukirudi kwenye riwaya na tamthilia zetu, mtu huyu wa tatu hayupo, au yupo kwa sura iliyopotoka. Rosa yuko bwenini, mbali na bibi na shangazi. Maimuna amezungukwa na wanawake wazima, lakini wanaomfikia wanakuja na visasi vyao dhidi ya baba yake. Tatu ana marafiki wa rika lake tu, ambao hawajui zaidi ya anayoyajua yeye. Shule, mji na mshahara vilikibomoa chumba cha pili, na mzazi akabaki na kile cha kwanza, chenye fimbo. Kutokana na hali hii tunaelewa kwa nini Zakaria na mama yake Tatu, watu wasiofanana kwa lolote, wanatenda mamoja. Kila mmoja anaendeleza nusu ya mila akidhani ndiyo mila nzima.

Hivyo hatuwezi kuwaponya kwa kuwarudisha katika unyago. Somo alijibu maswali ya msichana aliyekuwa akielekea kwenye ndoa iliyopangwa. Hakuwa na jibu kuhusu barua ya Charles, sinema ya Swai, au shahada ya ualimu. Kazi ya yule wa tatu imemrudia mzazi mwenyewe, apende asipende, na fasihi yetu imekuwa ikituonyesha kwa zaidi ya nusu karne jinsi asivyokuwa tayari kuipokea.

Hitimisho

Tumeona kwamba kutoka kwa utenzi hadi riwaya hadi tamthilia, mwana anapata sauti zaidi hatua kwa hatua. Mwana Hashima anaandika tu. Rosa anasema baada ya kufa. Maimuna anasema baba yake akiwa ukingoni mwa kaburi. Tatu anasema tangu mwanzo, lakini hapati wa kumsikiliza. Kukua kwa sauti ya mwana hakukuandamana na kukua kwa sikio la mzazi, na pengo baina ya mawili hayo ndilo tunaloliita uasi.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sisi walimu wa fasihi. Kezilahabi alifariki mwaka wa 2020, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vimesoma vitabu vyake na vya wenzake vikiwa na umri wa Rosa ule ule. Tumezoea kuwapa maandishi haya kama onyo: tazameni yaliyompata msichana asiyesikia. Kisha tunawatungia maswali ambayo majibu yake tunayo kwenye mwongozo. Eleza sababu nne za kuporomoka kwa Maimuna. Thibitisha kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanafunzi hujibu kama Tatu anavyomjibu mama, yaani kwa kujikinga, na aliyoyaona hasa katika kitabu huondoka nayo moyoni bila mtu kujua. Darasa linaweza kuwa mahali ambapo chumba kile cha pili kinajengwa upya; linaweza pia kuwa Namagondo nyingine.

Inafaa tuanze na swali moja lisilo na alama: wewe ungemwambia nini Zakaria kabla hajaifungua barua? Kuuliza si ujinga, tumekuwa tukiwaambia watoto tangu chekechea. Ni methali njema, na haikubagua umri wa muulizaji.